Kengele Inayoona Mabega

Wiki jana mliniacha nimekaa kwenye kiti changu cha kinyozi, kichwa mikononi, kaka yangu Pramono akinifokea kwenye simu kutoka Bekasi. Kwa aliyekosa: mama yetu anaishi peke yake kule Klaten, na sikio lake la kushoto limeshastaafu. Matapeli wawili waliovaa sare walimwendea wakajifanya wakaguzi wa gesi, wakamuuzia kifaa cha mtungi asichokihitaji, wakanywa na chai juu yake.

Kaka akatoa hukumu. "Mama anahamia kwangu. Nyumba inapangishwa."

Mama naye akatoa yake. "Nyumba hii nitatoka nimebebwa na watu wanne, tena nimelala."

Mimi kitinda mimba nikatia kimbelembele. "Kaka, tumfungie kengele yenye kamera. Hataingia mtu bila sisi kumwona."

"Haya," akasema Kaka. "Mpaka shule zifungwe. Akiingia tapeli mwingine hata mmoja, nakuja na gari kumchukua. Na kengele utaichagua wewe, Sigit."

Hapo kosa lilikuwa la Kaka, kuniachia mimi kuchagua. Mengine yote ni yangu, na leo nayatapika.

Nilikwenda kwa Kaka Seng, muuza vifaa vya umeme jirani na kinyozi changu hapa Surabaya. Ni mtu wa kuuliza maswali mengi kuliko polisi.

"Ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Anasikia?"

"Sikio moja."

"Anaona?"

"Kuku wa jirani akivuka uzio anamtaja na jina."

"Basi chukua hii." Akaniwekea kitu kinene cheupe, kitufe chake kikubwa kama biskuti. "Mgeni akibonyeza, jikoni inalia kama ng'ombe anayezaa. Sura inatokea kwenye kioo hiki cha ndani. Mama anamwona, anaongea naye, anaamua mwenyewe. Simu ya nini?"

Lakini macho yangu yalikuwa yameshapanda rafu ya juu. Pale palikuwa na nyingine, nyembamba, nyeusi, inang'aa.

"Na ile?"

"Ile inaita kwenye simu. Ina kitasa chake cha umeme, mlango unajifunga wenyewe na wewe unaufungua hata ukiwa Maka." Akanitazama juu ya miwani. "Lakini Sigit, nikuulize. Kwa mama yako, anayeitikia hodi ni nani? Mama au wewe?"

"Mimi."

"Umehamia Klaten?"

"Nipo hapa hapa."

Akatikisa kichwa, akaifunga ile nyeusi. Halafu akatupia ndani ya boksi kioo kidogo cha mezani. "Hiki ni cha ndani. Kinafanya kazi na hiyo yako. Usikiache kwenye boksi."

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi nilichagua jembe linalong'aa, na shamba halikuwa langu.

Jumapili niko Klaten juu ya ngazi, natoboa ukuta. Mama amesimama chini, mwiko wa upishi mkononi, anakiangalia kile kitu.

"Hilo jicho linamwangalia nani?"

"Wageni, Mama."

"Wageni wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu. Tunataka kuwaona tu."

"Mimi nawaona kila siku. Na atakayewaitikia nani?"

"Mimi, Mama. Kwenye simu."

"Chai nayo utaipika kwenye simu?"

Nikacheka. Kile kioo cha ndani nikamwambia ni kigumu kidogo, akiache. Akakiweka juu ya kabati la vyombo, akakifunika na kitambaa alichofuma mwenyewe. Nikapanda basi nikarudi Surabaya nikijiona mwana mwema kuliko wote waliozaliwa kisiwani Java.

Mkosi ulianzia kwa ndege. Mama ana njiwa wake kwenye tundu linaloning'inia barazani. Upepo ukivuma tundu linayumba, tundu likiyumba kengele inaona mtu. Simu ikawa haitulii. "Kuna mtu mlangoni. Kuna mtu mlangoni." Kila nikiangalia, ni njiwa. Mteja mmoja alinyanyuka kitini akiwa na nyusi moja na robo, na hakulipa, na sikumlaumu.

Hilo nikalizoea. Sikuzoea kilichofuata, yaani mabega.

Kwetu mtu mwenye adabu hasimami uso kwa uso na mlango wa mtu. Utafikiri anachungulia. Anasimama pembeni, anageuza ubavu, anaita hodi kwa mdomo wake mwenyewe, taratibu. Kubonyeza kitufe cha watu hata hakumjii akilini. Sasa mpe mtu kama huyo kamera. Nilipata mabega. Nilipata viwiko, ncha za mitandio, vikapu vinavyoning'inia hewani bila mwenyewe. Mtaa mzima ulionilea ulipita kwenye simu yangu na sikumjua hata mmoja.

"Nimefungua duka la mabega," niliwaambia wateja.

Ndiyo maana siku ile uso ulipotokea, nilifurahi.

Uso mzima! Mtu wa makamo, shati la batiki limepigwa pasi, kasimama katikati, kaangalia jicho sawasawa, na kitufe kabonyeza. Akatabasamu meno yote.

"Salaam aleikum. Hodi wenyewe!"

Naomba mnielewe hapa. Mtu wa kwetu akibishiwa hodi na mtu mzima hamuulizi shida yake. Anamkaribisha, anamkalisha, anampa chai. Chai ikiisha ndipo mgeni atakohoa aseme kilichomleta. Kuuliza mapema ni sawa na kumwambia umekuja kuomba. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kufunga kifungo.

"Aleikum salaam, Mzee! Karibu! Karibu ndani, keti kabisa, Mama yuko jikoni."

Nikabonyeza, kitasa kikalia *kle*. Nilijisikia gavana.

Jioni Mama akapiga simu, sauti imechangamka.

"Sigit, rafiki yako ni mtu mzuri kweli."

"Rafiki yangu yupi?"

"Yule uliyemkaribisha. Nimetoka jikoni namkuta kaketi sebuleni, katulia kama bwana harusi. Nikampa chai, nikampa na karanga za kukaanga."

"Mama, alikuwa anataka nini?"

"Kukagua gesi."

Wembe ulinidondoka.

"Akasema kifaa nilichonunua juzi ni cha bandia, watu wale walikuwa matapeli. Nikamwambia ndiyo, hata wanangu wamesema. Akasikitika sana. Akanifungia kingine."

"Mama! Ukanunua?"

"Ningemkatalia mgeni wako?"

"Si mgeni wangu! Kwa nini hukumuuliza ni nani?"

"Nimuulize ili iweje? Sauti yako ndiyo iliyomwambia akae. Nimsikie mwanangu anamwambia mtu karibu, halafu mimi nitoke nimdai kitambulisho?" Akapumua. "Nimempa na kichane cha ndizi apeleke nyumbani kwake."

Jiko moja, vifaa vya gesi viwili, na tapeli kaondoka na ndizi. Nikahema nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, Kaka asijue."

"Mimi sisemi. Lakini jicho lako je?"

Sikumwelewa. Nilimwelewa kesho yake, Kaka aliponipigia simu. Hakunisalimia. Nilisikia tu mkwaruzo, kisha sauti ya mtu mchangamfu ikisema: "Karibu! Karibu ndani, keti kabisa, Mama yuko jikoni."

Nilikuwa nimesahau. Kengele inahifadhi kila kitu, na siku ya kuifunga, kwa mbwembwe zangu, nilimuunganisha Kaka naye aone.

"Hiyo sauti ya nani?" akauliza.

"Inafanana na yangu."

"Inafanana! Sigit, wale wa kwanza angalau walimdanganya bibi kizee. Huyu kamdanganya nani? Kafunguliwa mlango na mtoto wa nyumba, toka Surabaya!"

"Kaka, alionekana mtu wa heshima."

"Tulikubaliana tapeli mmoja. Nakuja na gari."

Nikamwomba. Sina haya kusema nilimwomba mpaka mteja aliyekuwa kitini akaniombea pia. Mama ana miaka mingi katika mtaa ule. Hakuna harusi inayopikwa wali bila yeye kuonja chumvi, hakuna msiba usioanza kwa yeye kupelekewa habari. Bekasi angekaa ghorofani na kuangalia magari. Na angeondoka kwa sababu yangu.

Kaka akalegea nusu. "Mara ya mwisho. Lakini karibu-karibu zako ziishe. Kuanzia leo kila anayekuja anaulizwa: wewe ni nani, na unataka nini?"

"Kaka, watu hawaulizwi hivyo."

"Bekasi tunauliza."

Basi nikauliza.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia. Kiwiko. Kiwiko cha mwanamke, kikapu kimefunikwa, ncha ya mtandio wa kijani. Sauti ndogo ikaita hodi.

Nikakaza sauti kama Kaka. "Wewe ni nani, na unataka nini?"

Kiwiko kikashtuka. "Mimi?"

"Wewe hapo uliyejificha pembeni. Simama mbele nione uso. Hapa haingii mtu bila kusema shida yake."

Kikapu kikashuka taratibu mpaka kizingitini. Kiwiko kikatoweka.

"Umeona?" nikamwambia mteja. "Tapeli kakimbia."

Haikupita muda, Mama huyo hewani. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sigit, umemwambia nini Bi Wartini?"

Bi Wartini ni mke wa mwenyekiti wa mtaa, nyumba ya tatu toka kwetu. Binti yake anaolewa. Alikuwa analeta wali na kuku wa harusi, ule ambao kwetu hupelekewa watu wa heshima kuwa ndiyo mwaliko wenyewe. Hayo ni madogo. Nilipozaliwa Mama alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Aliyeninyonyesha ni Bi Wartini.

"Mwanamke aliyekunyonyesha," Mama akasema, "umemuuliza yeye ni nani."

"Mama, niliona kiwiko tu!"

"Alisimama kwa adabu. Ulitaka asimame kama tapeli?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilimpigia simu Bi Wartini, hakupokea. Nikampigia tena, akapokea mumewe, akasema mkewe hawezi kuongea na serikali.

Baada ya hapo kengele ikanyamaza. Mabega yakaisha. Sikuwahi kufikiri ningeyatamani. Siku nzima ni njiwa, njiwa, njiwa.

"Leo nimekaanga karanga," Mama aliniambia, "nimezila mwenyewe mpaka meno yamechoka. Sigit, nyumba isiyobishwa hodi ni kaburi lenye madirisha."

Niliingia nyuma ya pazia la kinyozi nikalia. Sisemi niliona uchungu, nasema nililia. Nilitaka kumlinda asiondolewe nyumbani kwake, na sasa nilikuwa nimemwondolea watu wa nyumbani kwake.

Na Kaka aliona kimya kilekile kwenye simu yake.

"Umeangalia?" akasema. "Hata majirani hawaji tena. Sasa anabaki kule afanye nini? Sisubiri shule zifungwe. Jumamosi nakuja."

"Kaka, ni mimi niliyewafukuza!"

"Aliyewafukuza ni wewe, atakayekaa peke yake ni Mama. Jumamosi."

Nikampigia Mama kumpa habari. Nilitegemea kilio. Akasema tu, "Jumamosi saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Vizuri. Nitakuwa jikoni."

Nikajua amekata tamaa. Ijumaa nilimpigia tena, akanijibu kwa mkato, mafuta yanachemka, hana nafasi. Karanga za nani, nikajiuliza, na nani atazila?

Jumamosi ikafika. Nilikuwa na mteja mwenye povu kidevuni, nusu ya uso imenyolewa. Simu niliiegemeza kwenye kioo. Ikalia.

"Kuna mtu mlangoni."

Uso. Uso mzima wa Kaka Pramono, katikati, miwani ya jua juu ya kichwa. Nyuma yake gari limesimama mbele ya nyumba, mlango wa nyuma umeachwa wazi, injini inanguruma.

Akabonyeza. Akabonyeza tena. "Mama! Ni mimi. Fungua!"

Akasogea mpaka pua ikajaa simu nzima. "Sigit, najua unaniona. Fungua mlango. Tusifanyiane utoto."

Kidole changu kikaanza kwenda kwenye kitufe. Ni kaka yangu mkubwa. Tangu nizaliwe akisema fungua, nafungua.

Ndipo nikasikia sauti ya tatu. Haikutoka kwangu, haikutoka kwa Kaka. Kwanza mafuta yanachemka. Kisha vicheko vya wanawake, si mmoja, si wawili. Kisha mtu akanong'ona, na sauti ile ningeijua hata nikiwa usingizini, ilikuwa ya Bi Wartini: "Bonyeza hapo pa kijani, shoga. Sasa sema."

Kioo cha ndani! Kile nilichosema ni kigumu. Kumbe kimeshavuliwa kitambaa, kimehamia jikoni. Na majirani hawakuwa wameacha kuja. Mama alikuwa amekwenda mwenyewe kuomba radhi nyumba ya tatu, na tangu siku hiyo walikuwa wanapitia mlango wa jikoni, ambako sikuweka jicho.

Mama akakohoa. Akasema polepole, neno moja moja, kwa sauti aliyowahi kuwafundishia watoto wa watu kusoma.

"Wewe ni nani, na unataka nini?"

"Mama... ni mimi. Pramono," akasema Kaka.

"Jina nimelisikia. Simama mbele nione uso."

"Nipo mbele, Mama."

"Nakuona. Nimekuuliza unataka nini."

Mteja wangu aligeuza kiti chote aone. Kaka yangu ana watu chini yake huko kazini, akiongea wanaandika. Pale mlangoni hakukuwa na wa kuandika. Angesemaje? Nataka nikutoe nyumbani kwako? Nataka nyumba hii? Swali ni lake mwenyewe, alilituma toka Bekasi, na sasa lilikuwa limerudi kwa aliyelituma.

Akavua miwani kichwani. Akainamisha macho. Akarudi nyuma hatua, akavua viatu.

Halafu akasogea pembeni, akageuza ubavu, na kwenye simu yangu uso wa kaka yangu ukatoka. Likabaki bega.

"Hodi, Mama," likasema bega, taratibu.

Jikoni vicheko vikakatika. Hata mafuta niliyasikia yakipunguzwa moto. Nilingoja Mama amwambie karibu. Hakusema. Nikangoja tena.

"Sigit," akaita.

"Naam, Mama."

"Kengele uliichagua wewe. Ulisema utaitikia wewe."

"Ndiyo, Mama."

"Mtu anabisha hodi. Mwitikie."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, kina povu. Bega lilikuwa na adabu zote tulizofundishwa. Na nyuma ya bega, mbele ya nyumba, mlango wa gari ulikuwa bado wazi, na injini haikuwa imezimwa.